Tanuri la Melville na Kitabu cha Agricola

Juu ya kilima cha mawe cha Melville Koppies, kilomita chache kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji la Johannesburg, lipo tanuri la kuyeyushia chuma lililofukuliwa mwaka 1963 na Revil Mason, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kwa mpita njia si kitu cha kusimamisha safari: ni shimo dogo, udongo ulioiva kwa moto, na masalia ya yale mabonge meusi ambayo Waswahili, bila haya yoyote, huyaita mavi ya chuma. Katikati ya jiji, katika Main Street, kimesimamishwa kinu cha kupondea mawe cha Langlaagte, mtambo wa siku za mwanzo kabisa za dhahabu ya Johannesburg, wenye safu ya michi mizito ya chuma. Mji hujitambua katika kinu hicho zaidi kuliko katika lile shimo. Ramani za utalii, majina ya mitaa na hadithi ambayo jiji hujisimulia huanza mwaka 1886, mwaka wa dhahabu, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na nyasi na upepo tu.

Tanuri lilitangulia mji kwa karne nyingi. Hilo halina ubishi tena, ingawa lilipofukuliwa lilikuwa hoja nzito. Mwaka 1963 ndio mwaka polisi walipovamia shamba la Liliesleaf huko Rivonia, kaskazini mwa jiji hilohilo, na kuwakamata viongozi wa mapambano dhidi ya ubaguzi. Wakati huo vitabu vya shule vilifundisha kwamba Waafrika waliuvuka mto Limpopo kuelekea kusini takriban wakati uleule Waholanzi waliposhuka Rasi mwaka 1652, na kwamba nchi ilikuwa tupu. Tanuri lililozimika kabla ya Waholanzi kupafahamu mahali hapo lilikuwa shahidi asiyeweza kutishwa.

Lakini kuthibitisha kwamba watu walikuwepo si sawa na kueleza walijua nini. Swali hilo la pili ndilo gumu, na hujibiwa vibaya na pande zote mbili: na wale wanaolidharau tanuri kwa kulipima na kiwanda, na wale wanaolitukuza kwa kulifanya kiwanda. Njia iliyo bora ni kulilinganisha na matanuri ya Ulaya ya karne ya 15 na ya 16, zama ambazo Wazungu wenyewe waliziita kuzaliwa upya na ambazo waandishi wa Kiswahili wamezoea kuziita zama za Mwamko. Mwamko huo husimuliwa mara nyingi kwa anga na bahari: Copernicus na jua lake, Galileo na darubini yake, mabaharia wa Kireno na vipimo vyao vya nyota. Wayeyushaji madini hawatajwi sana. Pengine ni kwa sababu walikuwa wachafu.

Mtu aliyewaandika vizuri kuliko wote alikuwa tabibu. Georg Bauer, aliyejiita kwa Kilatini Agricola, alizaliwa Glauchau katika Saksonia mwaka 1494, akasomea udaktari, na mwaka 1527 akawa mganga wa mji wa Joachimsthal, katika milima iliyo mpakani mwa Saksonia na Bohemia. Ulikuwa mji mchanga uliofumuka ghafla kwa ajili ya fedha, kama Johannesburg ulivyofumuka baadaye kwa ajili ya dhahabu, na wachimbaji wake walikuwa wameinuka dhidi ya mabwana zao miaka miwili tu kabla ya yeye kufika. Sarafu za fedha zilizofuliwa hapo ziliitwa thaler kwa kufupisha jina la mji. Jina hilo lilisafiri mbali: ndilo lililozaa neno dola, na ndilo lililobebwa na ile reale ya Maria Theresa iliyohesabiwa katika maduka ya Unguja karne ya 19. Mfanyabiashara wa karafuu aliyeigonga sarafu hiyo mezani ili asikie kama ni fedha halisi hakujua kwamba jina lake lilitoka katika bonde la daktari mmoja Mjerumani.

Agricola alishuka migodini, akakaa na mafundi, akauliza, akaandika. Kitabu chake kikuu, De re metallica, kilitoka Basel mwaka 1556, miezi michache baada ya kifo chake, kwa kuwa michoro ya mbao iliyokijaza ilichukua muda mrefu kuchongwa. Alikuwa ametanguliwa na Vannoccio Biringuccio wa Siena, ambaye kitabu chake cha sanaa za moto kilichapishwa Venice mwaka 1540, naye pia baada ya kufa. Katika utangulizi wake Agricola anawashambulia wanaalkemia kwa kosa moja hasa: wanaandika ili wasieleweke. Wanaficha vitu nyuma ya majina ya ajabu, kila mmoja na yake. Yeye anaahidi kuandika tu alichokiona, alichokisoma, au alichokisikia kwa watu wa kuaminika. Katika ahadi hiyo umo Mwamko wote wa madini.

Akakutana na tatizo ambalo msomi wa Kiswahili atalitambua mara moja. Wachimbaji walizungumza Kijerumani cha migodini, nacho Kilatini, lugha ya elimu, hakikuwa na maneno ya vitu vyao. Waroma wa kale hawakuwa wameziona pampu zile wala magurudumu yale. Agricola akalazimika kuunda istilahi kwa mamia, akaambatisha faharasa ya Kilatini na Kijerumani, na bado wafasiri waliomfuata walitapatapa. Herbert Hoover, mhandisi wa migodi ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, na mkewe Lou Henry, waliokitafsiri kwa Kiingereza na kukichapisha London mwaka 1912, walipambana sana na maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote ya Kilatini, kwa kuwa yalizaliwa ndani ya kitabu hichohicho.

Sasa msomaji wa kitabu hicho akifika katika sehemu ya chuma, atashangaa. Atakuta fundi mbele ya jiko, anatupa makaa, anatupa mtapo uliopondwa, anatupa makaa tena, mivukuto inapuliza, na mwishoni anatoa bonge la chuma ambalo hugongwa kwa nyundo ili takataka zitoke. Kwa mtapo ulio mgumu zaidi linaelezwa tanuri refu na pana zaidi. Lakini ile kazi ya kwanza, kwa misingi yake, ndiyo iliyofanyika Melville. Mafundi wawili hawa wangeketi pamoja wangeelewana kwa mikono tu.

Misingi hiyo inastahili kuelezwa, maana aghalabu hupitwa haraka. Mtapo wa chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, pamoja na mchanga na udongo. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi inayoipokonya mtapo oksijeni yake. Kazi ya fundi ni kuweka joto ambalo mchanga na uchafu mwingine vitayeyuka na kutiririka, ilhali chuma chenyewe hakiyeyuki kabisa. Chuma safi huhitaji nyuzi 1,538 za Selsiasi ili kiwe maji, lakini uchafu wake huyeyuka karibu na nyuzi 1,200. Katika pengo hilo la nyuzi mia tatu na kitu ndimo mhunzi alimoishi. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na rangi ya moto, sauti ya mivukuto, unyevu wa mkaa, na kumbukumbu ya matanuri yaliyoharibika mikononi mwake na mikononi mwa baba yake. Hewa ikizidi, makaa yanakwisha na chuma hakipatikani. Ikipungua, uchafu unaganda na kuziba mirija.

Kiswahili kinaifahamu kazi hii. Lina jina lake kila kifaa: mivukuto, na kewa, ule mrija wa udongo unaoupeleka upepo motoni bila ngozi za mivukuto kuungua, fuawe la kufulia, mtapo, pua, kile chuma kilichokolea, na feleji, neno lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, la chuma bora cha panga. Lugha haitunzi majina ya vitu ambavyo wasemaji wake hawakuvigusa. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia huko Sicily mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilinunuliwa na kupelekwa India, ambako mafundi walikithamini. Ni karne tatu na nusu kabla ya Vasco da Gama. Bara la wayeyushaji na pwani ya wauzaji vilikuwa soko moja, hata pale ambapo hakuna aliyelijua soko zima.

Je, Ulaya ilikuwa na nini zaidi? Kwanza maji. Katika michoro ya Agricola gurudumu la maji liko kila mahali: linavuta ndoo, linapuliza mivukuto, linainua michi ya kupondea mawe. Mivukuto ya mikono huchoka, mto hauchoki. Kwa upepo wa mto tanuri lingeweza kurefushwa na kuendeshwa usiku na mchana kwa wiki nyingi, na humo ndani chuma kikafyonza kaboni hadi kikayeyuka kwa joto la chini kuliko chuma safi, kikatoka kama uji. Hicho ndicho chuma cha kusubu. Wachina walikuwa nacho zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla ya hapo, kwa hiyo si uvumbuzi wa Mwamko. Ila katika karne ya 15 kilienea Ulaya magharibi, na miaka ya 1490 matanuri yake yalifika kusini-mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1543, huko Buxted katika Sussex, ulisubiwa mzinga wa chuma wa kipande kimoja. Mizinga ya shaba nyeusi ilikuwa imetangulia, na Biringuccio ameifafanua kwa upendo uleule anaoufafanulia kengele za kanisa.

Pwani ya Waswahili ilikutana na elimu hiyo kabla ya kitabu chochote kati ya hivi kuchapishwa. Mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida ziliingia Kilwa, kisha Mombasa, na mizinga yake ikanena. Mtu anayetaka kujua mwamko wa Ulaya ulisikika vipi Afrika Mashariki aanzie hapo kabla ya kwenda kwenye michoro ya Leonardo.

Basi tofauti ilikuwepo, na haifai kufunikwa kwa maneno matamu. Tanuri la Melville halikuwa na gurudumu la maji, halikuzaa chuma cha kusubu, na bonge lake lilitosha majembe, mashoka na mikuki ya jamii yake, si silaha za majeshi ya wafalme. Jaribio la kuifuta tofauti hiyo limewahi kufanywa, na lina funzo. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Peter Schmidt na mhandisi Donald Avery waliwaomba wazee wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wajenge tena tanuri la aina ambayo walikuwa wameacha kuitumia kwa miongo kadhaa. Wazee walijenga. Walijaza shimo mabua ya mabwawani yaliyounguzwa, wakaingiza mirija ndani kabisa ya tanuri, wakapuliza, na chuma chenye kaboni kikapatikana. Mwaka 1978 Schmidt na Avery walieleza katika jarida la Science kwamba mirija ile ilipasha hewa joto kabla haijafika motoni, ufundi ambao Ulaya iliupata karne ya 19. Habari zikaenea. Kisha wataalamu wengine wa madini ya kale, miongoni mwao David Killick, wakalipinga dai la hewa iliyopashwa joto, wakisema kwamba ushahidi wake hautoshi na kwamba Afrika haihitaji kuwahi Ulaya ndipo iheshimiwe.

Killick ana hoja. Ila katika mabishano hayo kilisahaulika kitu kikubwa zaidi kuliko nyuzi za joto, nacho ni kwamba wazee walikumbuka. Ufundi uliotaka mamia ya maamuzi sahihi, kuanzia aina ya mti wa mkaa hadi kimo cha mrija, ulikaa vichwani kwa miongo bila karatasi, ukarudi mikononi. Hiyo ni njia ya kutunza elimu, na ina nguvu zake. Udhaifu wake ni kwamba inamtegemea mwanafunzi. Majembe ya bei rahisi kutoka viwanda vya Ulaya yalipofika, kijana hakuwa na sababu ya kukaa miaka kando ya moto, na mnyororo ukakatika bila mtu kuukata. Kitabu cha Agricola kingeweza kulala rafuni karne tatu kikisubiri msomaji. Mzee hasubiri karne tatu.

Elimu ile, zaidi ya hayo, ilifichwa kwa makusudi. Katika sehemu nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika, uyeyushaji ulifanyika mbali na kijiji, kwa miiko: tanuri lilikuwa mwanamke mwenye mimba, chuma kilikuwa mtoto, na wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka azaliwe. Wasomi wa zamani waliyaita hayo ushirikina uliochanganyika na ufundi. Wangemsoma Agricola kwa makini wangekuwa wapole zaidi. Huyohuyo mwenye kudai macho tu anaeleza kwa uzito kuhusu pepo waishio migodini, wengine wakali, wengine watani wa wachimbaji. Na ingawa anawashauri watu wasitegemee kijiti cha panda cha kutafutia madini, anatuchorea wenye kukitumia. Miiko ya Ulaya ilikuwa na kazi kama ya Afrika: chama cha mafundi kililinda siri kwa kiapo, ukoo ulilinda kwa mwiko. Agricola alichofanya ni kuzitoa siri hizo kwa waliozimiliki, kwa hiari yao au kwa ujanja wake, na kuzichapa. Wengi wa wale waliomfundisha hakuwataja kwa majina. Mamia ya watu waliochorwa katika kurasa zile, wenye kofia za ncha na vifaa mikononi, hawana majina, sawasawa na wale wa Melville.

Kutoka kurasa hizo hadi Main Street njia ni fupi. Kitabu cha nane kina mchoro wa kinu: mhimili unaozungushwa na gurudumu la maji, wenye meno yanayoinua michi ya mbao yenye vichwa vya chuma na kuiachia iangukie mawe. Kinu cha Langlaagte ni mtambo uleule, mbao zikiwa zimegeuka chuma na mto ukiwa umegeuka mvuke. Wayeyushaji wa Melville waliishi ukingoni mwa hazina kubwa ya dhahabu kuliko zote zilizojulikana wakaiacha, na si kwa ujinga. Dhahabu ya Witwatersrand imetawanyika ndani ya mwamba wa kokoto kwa punje ambazo aghalabu jicho haliwezi kuziona. Bila kusaga mwamba kuwa unga na bila kemia ya kuikamata, si dhahabu bali ni jiwe. Hata wazungu wenye vinu na zebaki walikwama punde tu machimbo yalipozama chini ya tabaka la juu lililolainishwa na hewa na maji. Waliokolewa na sianidi, kwa njia iliyopatiwa hataza mwaka 1887 na John Stewart MacArthur na ndugu wawili Forrest wa Glasgow, ikafika Johannesburg mwaka 1890. Miaka sita baadaye mahakama ya Transvaal iliifuta hataza hiyo, na kila mgodi ukawa huru kuitumia. Hapo tena, kama kwa Agricola, kilichoujenga mji ni elimu iliyotolewa mikononi mwa mwenyewe na kuachiwa watu.

Watu gani, hilo ni jambo jingine. Chini ya ardhi, katika migodi iliyokusanya vibarua kutoka Msumbiji, Lesotho, Nyasaland na kwingineko, ilitumika Fanagalo, lugha ya amri: leta, shika, piga, ondoka. Ilitosha kumwelekeza mtu, haikukusudiwa kumwuliza. Maelfu ya wanaume walijifunza tabia za mwamba, sauti yake kabla haujaanguka, harufu ya hewa mbaya, na hakuna tabibu aliyeshuka na daftari kuunda istilahi za walichokijua.

Septemba 1998 wasomi na wanasiasa walikutana Johannesburg kuujadili Mwamko wa Afrika, wazo ambalo Thabo Mbeki alikuwa akilipigia debe. Walikuwa na haki ya kuliazima neno. Miaka ishirini baadaye, kusini mwa jiji katika vilima vya Suikerbosrand, Karim Sadr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walitumia miale ya leza iliyorushwa kutoka angani kuupenya uoto na kuchora upya Kweneng, mji wa Watswana wenye mamia ya maboma ya mawe, ambao sehemu zake za kale zaidi ni za karne ya 15. Picha zake zimesambaa duniani: kuta za mviringo, njia za ng'ombe, miji ndani ya mji. Leza huona kuta vizuri sana. Haioni mabonge meusi ya ukubwa wa ngumi yaliyolala kwenye majani. Kuyapata hayo inabidi mtu atembee kwa miguu akiinamisha kichwa, aokote moja, alipeleke maabara likatwe kwa msumeno na kusuguliwa hadi ling'ae, kisha aliweke chini ya hadubini na kuanza kusoma.